Funika Jicho Moja

Kabla macho yake hayajaharibika, Lesiamon alikuwa mtu wa kuulizwa katika soko la mbuzi la Kitengela. Mnunuzi akitoka Nairobi akitaka mbuzi wa harusi au wa matanga, alielekezwa kwake. Alisimama langoni, fimbo begani, na kabla kundi halijaingia lote alikuwa ameshajua yupi ana mimba, yupi anakohoa, na yupi amelambishwa chumvi asubuhi ili anywe maji mengi aonekane mnono.

Rafiki yake mkubwa sokoni alikuwa Sharmarke, Msomali wa upande wa Garissa aliyehamia Kitengela na mkewe Hibaq mwishoni mwa miaka ya themanini. Sharmarke alinunua mbuzi kwa wingi akawapeleka machinjioni kwa lori lake. Siku moja wawili hao walipeana ng'ombe, kila mmoja akampa mwenzake mtamba, na kuanzia hapo hawakuitana tena kwa majina. Waliitana pakiteng', kama Wamaasai wanavyowaita watu waliounganishwa na ng'ombe.

Mwaka wa mvua za El Niño, wote wawili wakapatikana na ugonjwa wa sukari, mmoja miezi michache baada ya mwenzake. Walicheka sana. Walisema sasa hata ugonjwa umekuwa wa ukoo mmoja. Kwa muda walikunywa chai ya mkandaa pamoja, bila maziwa wala sukari, wakikunja uso kila funda, wakameza dawa walizopewa. Sharmarke aliendelea, kwa sababu Hibaq alimsimamia mpaka ameze. Lesiamon alipoona ana nguvu na hapati kiu tena, aliziacha. Mtu hanywi dawa akiwa mzima, alisema.

Ukaja ukame wa mwaka wa elfu mbili. Nyasi zilikwisha kutoka Isinya mpaka Kajiado, vumbi likapanda kila upepo ulipovuma, na watu wakaswaga ng'ombe mpaka kando ya barabara za Nairobi. Wakati huo ndipo Lesiamon alipoanza kuona nyuzi nyeusi zikielea mbele yake, kama masizi yanayoanguka kutoka paa la jikoni. Akizifuata kwa jicho, zinakimbia.

"Ni vumbi," alimwambia mkewe, Seleyian.

Seleyian alimwosha macho kwa maji yaliyochemshwa, lakini nyuzi hazikutoka. Alasiri moja walipokuwa wakinywesha mbuzi, Lesiamon akauliza kama kuna wingu. Seleyian akatazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika, bila maumivu, bila hata kuwasha. Na bado aliendelea kulaumu vumbi, kwa sababu la kulia lilikuwa linaona.

La kulia nalo lilipoingia ukungu, Sharmarke hakumngoja aamue. Alimshika mkono akampeleka Nairobi kwa daktari wa macho. Daktari alimulika macho yale kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti karibu.

"Mzee, damu imevuja ndani ya macho kwa muda mrefu, na pazia la nyuma limeng'oka. Hili la kushoto limekwenda. Hili lingine nitajaribu, lakini sitaki kukudanganya. Ungekuja wakati ulikuwa unaona vizuri, kazi yangu ingekuwa rahisi."

Upasuaji haukufaulu. Lesiamon aliingia hospitali akiona vivuli, akatoka haoni hata jua. Sharmarke alimrudisha nyumbani akiwa amemshika mkono ule ule.

Kitengela na Isinya, habari ilienea kwa namna moja tu: Lesiamon alienda Nairobi akiona, akarudi kipofu. Kivuva, mwenye bucha kando ya soko, alikuwa na sauti inayofika mbali, na ndiye aliyeisema kuliko wote. "Madaktari wamemmalizia," aliwaambia waliokuja kula nyama. "Angekaa na macho yake hivyo hivyo, saa hii angekuwa anaona."

Lesiamon alikaa nyumbani karibu mwaka mzima. Alikaa ukutani upande wa jua, akahamia upande wa kivuli, akarudi. Hakutaka kusalimiwa. Aliyemtoa pale ni Seleyian, ambaye asubuhi moja alimwekea mbuzi mbele ya magoti na kusema, "Baba Simel, huyu nataka kuuza. Niambie kama ni mzima, ama niende nikauliza Kivuva."

Jina la Kivuva lilimchoma. Alinyoosha mikono. Akapapasa uti wa mgongo, akaminya kiunoni, akapitisha vidole chini ya taya, akafungua mdomo akagusa meno. Kisha akasema mbuzi huyo ni wa miaka mitatu, ana minyoo, na asiuzwe kabla ya kupewa dawa. Wiki iliyofuata alirudi sokoni akiwa ameshika bega la mkewe. Wanunuzi walianza tena kumwuliza, kwanza kwa huruma, baadaye kwa sababu hakukosea.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka 2002, Margaret alipokuja kumtembelea.

Margaret alikuwa muuguzi wa macho katika kliniki ya kanisa pale Kitengela. Kila baada ya miezi michache daktari wa macho alitoka Nairobi na vyombo vyake kuja kuwaangalia wenye sukari bila malipo. Margaret alikuwa amebandika matangazo, akatangaza kanisani, akaomba yatangazwe msikitini. Siku ikifika, benchi za kliniki zinabaki tupu.

"Takwenya, mama," Lesiamon alimsalimu alipoambiwa mgeni ni nani.

"Iko," Margaret alijibu, kisha akakaa kwenye kigoda alichopewa na kukunja mikono. "Mzee, nimekuja kukuomba kitu, lakini kwanza nikuambie ukweli. Watu hawaji kwa sababu yako."

"Yangu?"

"Nikimwambia mtu mwenye sukari aje aangaliwe, ananijibu, 'Sitaki kuwa kama Lesiamon.' Kila nyumba. Isinya, hapa, hata kule kwenye machimbo ya mawe."

Seleyian aliacha kumimina chai. Lesiamon alibaki ameinamisha kichwa. Kwa miezi mingi alikuwa akifikiri watu wanamwonea huruma. Hakuwa amejua kwamba uso wake umegeuzwa kuwa onyo, na kwamba onyo lenyewe linaelekeza watu upande usio sawa.

"Nieleze tena ule ugonjwa," alisema mwishowe. "Pole pole, kama unaelezea mtu hajawahi kusikia."

Margaret akaeleza. Nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba inayopokea picha ya kila kitu tunachokiona. Inalishwa na mishipa midogo kuliko unywele. Sukari ikikaa juu miaka na miaka, mishipa ile inachakaa na kuvuja. Baadaye inaota mingine mipya, mibovu, inayopasuka ovyo. Haya yote hayaumi. Mtu anaweza kuwa anasoma Biblia bila miwani na nyuma ya jicho mambo yameshaharibika. Ndiyo sababu kila mwenye sukari anatakiwa aangaliwe kila mwaka, hata kama haoni kasoro. Ikipatikana mapema kuna taa maalum inayoitwa leza. Inachoma ile mibovu kabla haijapasuka. Na anayemeza dawa zake na kushusha sukari na presha, mara nyingi hata hafiki huko.

"Kwa hivyo daktari akisema ningekuja nikiwa naona vizuri, hakuwa ananicheka."

"Hakuwa anakucheka, mzee."

"Mimi nilidhani ananicheka." Alipapasa kikombe, akakipata, hakunywa. "Ulitaka kuniomba nini?"

"Uongee kanisani Jumapili."

"Kanisani nitaongea, lakini wanaume wenye sukari hawako huko. Wako sokoni wanakula nyama kwa Kivuva. Kwanza naenda huko."

Siku ya soko iliyofuata alisimama langoni, mahali pake pa zamani, na kila kundi lililopita alilisalimu na kuuliza kama kuna mwenye sukari. Wengine walimjibu kwa adabu. Wengine walipita upande wa pili. Kivuva alitoka buchani akifuta mikono kwenye aproni, akamsalimu kwa Kimaasai.

"Mzee, sopa!"

"Ipa."

"Sasa, kweli kabisa, tangu lini kipofu akafundisha watu kuona?"

Watu walicheka. Lesiamon alingoja wamalize.

"Kivuva, mimi sifundishi mtu kuona. Naambia watu vile nilipofuka. Hiyo naijua, ilinichukua miaka mitatu, na kila siku ningeweza kuisimamisha."

Kicheko kilipungua, lakini hakuna aliyeuliza swali. Alirudi soko lililofuata, na lililofuata tena. Alipata watu watatu wa kwenda kliniki, wote wanawake, mmoja wao akiwa dada ya Seleyian ambaye hakuweza kukataa.

Aliyemkwepa zaidi ni Sharmarke. Tangu siku ile ya Nairobi, Sharmarke alimletea nyama na unga wa ngano na maziwa ya mtoto wa mwisho wa nyumba ile, lakini hakukaa. Sasa akisikia Lesiamon anaongea langoni, alikwenda upande wa malori. Siku moja, kicheko kilipozidi, alishindwa kuvumilia. Alikuja akamshika mkono.

"Pakiteng', twende tunywe chai. Watu wanakufanya mchezo."

"Wewe uliangaliwa macho lini?"

"Yangu iko sawa."

"Sikuuliza kama iko sawa."

Watu walianza kusogea. Sharmarke alicheka kwa aibu, akaelekeza kidole ng'ambo ya barabara. "Unataka kujua kama naona? Pale kuna mbuzi mweusi amefungwa kwa mti. Sikio la kushoto limekatwa alama mara mbili."

Mtu mmoja akakimbia kuangalia, akapiga kelele kwamba ni kweli. Watu wakashangilia.

"Umeona na jicho gani?" Lesiamon aliuliza.

"Na macho yangu!"

"Gani? Yangu hayakuzimika siku moja. La kushoto lilianza kwenda na sikujua, kwa sababu la kulia lilikuwa linanifichia. Funika jicho moja, pakiteng'. Soma ubao wa Kivuva."

Sharmarke alitaka kuondoka, lakini watu walikuwa wamemzunguka na wote walitaka kuona. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja. "Kivuva Nyama Bora Karibuni," alisoma bila kusita, na watu wakapiga makofi.

"Sasa lingine."

Akahamisha kiganja. Mbuzi walilia. Lori moja likapiga honi barabarani. Sharmarke hakusema kitu, na Lesiamon, ambaye sasa aliishi kwa masikio, alisikia kimya kile kikirefuka kupita kawaida.

"Kivuva," Sharmarke alisema polepole, "umefuta maneno ya katikati?"

"Nifute kwa nini? Si hayo hapo!"

Hakuna aliyecheka. Sharmarke alitoa kiganja, akakirudisha, akakitoa tena. Pembeni aliona herufi. Katikati palikuwa na doa la kijivu, na mistari iliyolizunguka ilikuwa imepinda kama bati lililokunjwa.

"Ni vumbi," alisema.

"Na mimi nilisema hivyo," Lesiamon alimjibu kwa sauti ya chini. "Neno hilo hilo."

Sharmarke aliondoka bila kuaga. Masoko mawili yakapita lori lake halijaonekana.

Aliyekuja ni Hibaq. Alifika kwa Lesiamon asubuhi, akamsalimu Seleyian, na kabla hajakaa vizuri maneno juu ya mumewe yalianza kumtoka.

"Baba Daud hali, halali. Mchana kutwa anafunika jicho hili, anafunika hili, anaangalia kalenda ukutani. Nikimwambia twende kliniki anakasirika. Jana ndio amenieleza." Alishusha pumzi. "Anasema alikupeleka wewe mahali pale ukiwa unaona, akakurudisha hivi. Anasema ni yeye alikupeleka. Hawezi kuingia mlango ule tena."

Muda wote Lesiamon alikuwa akidhani rafiki yake haketi naye kwa sababu kipofu anachosha. Akanyanyuka akaomba fimbo.

Walimkuta Sharmarke sebuleni kwake, mapazia yamefungwa. Ilikuwa Ramadhani, na nyumba ilikuwa tulivu. Lesiamon alikaa karibu naye kwenye mkeka mpaka magoti yao yakagusana.

"Mkeo ameniambia unachobeba. Ni mzigo wangu, nirudishie."

"Uliona vivuli, pakiteng'. Nilikuingiza pale ukiona vivuli."

"Ningebaki nyumbani, vivuli vingeisha kabla ya mwezi. Daktari hakunipofusha. Nilikuwa nimeshapofuka, nilikuwa tu sijaambiwa. Kama ungenipeleka mwaka wa kwanza nilipoona nyuzi, leo ningekuwa namwona huyu mjinga aliyekaa mbele yangu." Sauti yake ikashuka. "Lakini sikukuambia kuhusu nyuzi. Seleyian peke yake ndiye alijua, na yeye nilimwambia ni vumbi. Ungejuaje?"

Sharmarke alilia, bila sauti, na Lesiamon alijua kwa vile goti lake lilivyotetemeka. Alimwacha alie.

"Siku ile ulinishika mkono," alisema baadaye. "Sasa mimi nitashika wako."

"Wewe? Huoni hata njia!"

"Njia utaangalia wewe. Mimi nitashika mkono."

Sharmarke akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Kisha akakumbuka jambo. "Na ni Ramadhani. Hayo matone wanayoweka machoni..."

"Nimemwuliza sheikh tangu juzi," Hibaq alisema kutoka mlangoni. "Anasema tone la jicho halivunji saumu. Na hata ungefungua, mgonjwa atalipa siku yake baadaye. Una kisingizio kingine?"

Sharmarke akainuka kufungua mapazia.

Siku daktari alipokuja kliniki, Margaret alimtia Sharmarke matone, mboni zikapanuka, na daktari akamulika nyuma ya macho yote mawili. La kushoto, lile lenye doa, lilikuwa linavuja karibu kabisa na katikati. Sharmarke alikuwa amejiandaa kusikia hivyo. Hakujiandaa kwa lililofuata.

"Hili la kulia ndilo linaloniogopesha," daktari alisema.

"La kulia? Hilo si ndilo zima? Hilo linaona mpaka ng'ambo ya barabara!"

"Linaona leo. Lakini limeota mishipa mibovu. Ikipasuka, litazimika kama taa. Nataka uwe Nairobi wiki hii, si wiki ijayo."

Lesiamon alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Aliweka mkono kwenye bega la rafiki yake na hakuutoa mpaka walipotoka nje.

Walienda wawili. Katika chumba cha leza walimweka Sharmarke kidevu kwenye kishikizo, wakamfunga mkanda kichwani asitikisike, wakamtia dawa ya ganzi. Mwanga wa kijani ukaanza kupiga, mmoja baada ya mwingine, mwingine ukimdunga kwa ndani kama sindano ndogo.

"Pakiteng', upo?"

"Nipo."

"Ni kama radi imeingia ndani ya kichwa."

"Vumilia. Mimi natamani radi hiyo ningepigwa mwaka wa elfu mbili."

Daktari alicheka, kisha akawaomba wote wawili wanyamaze ili afanye kazi.

Walirudi Kitengela alasiri, na hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Matone yalikuwa bado na nguvu. Sharmarke aliona kila kitu kama yuko chini ya maji, na jua lilimchoma mpaka akashuka garini amefumba macho, machozi yanamchuruzika, miwani ya giza usoni. Mbele yake alitangulia Lesiamon na fimbo yake. Kipofu alikuwa anamwongoza mtu aliyeondoka asubuhi akiona.

Kivuva aliwaona kutoka mlangoni pa bucha. Akapiga yowe.

"Jamani! Na huyu pia wamemmaliza!"

Kabla ya magharibi habari ilikuwa imefika Isinya. Watu walikuja nyumbani kwa Hibaq kama wanaokuja msibani. Wanawake walimkumbatia. Wanaume walikaa uani wakitikisa vichwa, na mmoja alisema waziwazi kwamba Lesiamon asiruhusiwe tena sokoni. Lesiamon aliyasikia. Alifuturu na familia ile, tende na uji, akamwambia kila aliyeuliza kwamba matone yataisha kufikia kesho. Moyoni aliogopa. Alimwamini Margaret, alimwamini daktari, lakini alijua kama kesho rafiki yake ataamka na ukungu, hakuna mtu wa Kitengela atakayewahi kukanyaga kliniki ile, na yeye mwenyewe hatakuwa na la kusema.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, na wengi hawakuja kununua mbuzi. Lesiamon alisimama langoni na Seleyian.

Sharmarke alikuja kwa miguu, bila miwani. Kivuva alimwahi, uso umejaa huruma, akamshika mkono ili amwongoze.

"Pole, mzee. Pole sana. Kuna jiwe hapo, inua mguu."

"Niachie mkono," Sharmarke alisema. "Na rekebisha vifungo vya shati. Umefunga cha pili kwa tundu la tatu, tumbo lako liko nje."

Kivuva alijitazama. Ilikuwa kweli. Soko zima lililipuka kwa kicheko, na Seleyian akapiga vigelele hata kabla mumewe hajamwuliza kilichotokea. Sharmarke alipita katikati ya watu moja kwa moja mpaka kwenye kundi la mbuzi, akamshika mmoja sikio, akaonyesha kupe ndani yake. Kisha akageuka kuwatazama.

"Mnasikia? Jicho la kushoto bado lina ukungu katikati. Daktari ameniambia ukweli: pengine halitarudi lote, nilichelewa. Lakini hili la kulia, hili ambalo nilikuwa najivunia mbele yenu, lilikuwa linakufa na mimi sijui. Nimelikomboa. Nitarudi mara mbili tatu kumaliziwa, na kila mwaka nitaangaliwa. Na niwaambie kitu kingine." Alimvuta Lesiamon kando yake. "Huyu hakupofushwa na hospitali. Nilikuwepo. Alipofushwa na kuchelewa, na sisi tukawachelewesha wengine kwa midomo yetu. Mwenye sukari aje anifuate."

Halafu mzee mmoja wa machimboni akauliza daktari anarudi lini. Mwingine akauliza kama leza inauma. Mwanamke muuza maziwa akauliza kama mtu akifunika jicho na kuona vizuri basi yuko salama, na Lesiamon akajibu haraka kwamba hapana, Sharmarke alisoma ubao wote kwa jicho lile lililokuwa hatarini. Kilicho salama ni kuangaliwa. Maswali yakawa mengi mpaka ikabidi Seleyian awapange wanaouliza. Mwisho kabisa Kivuva alikuja, shati limefungwa sawasawa, sauti yake kwa mara ya kwanza ikiwa ndogo.

"Mzee Lesiamon. Mama yangu yuko na sukari miaka kumi. Hata mimi."

"Basi utakuja na mama," Lesiamon alisema. "Na tangaza, Kivuva. Una sauti kuliko sisi wote."

Kivuva alitangaza. Alitangaza kwa kila aliyenunua nusu kilo, akatangaza kwa waliopita na pikipiki, na kama mtu alikuwa mnene alimtangazia mara mbili. Daktari aliporudi miezi miwili baadaye, foleni ilitoka mlangoni pa kliniki ikapita geti ikafuata ua mpaka karibu na barabara. Kulikuwa na shuka nyekundu na buibui nyeusi, wachimba mawe wenye vumbi jeupe kwenye nyusi, wafanyakazi wa mashamba ya maua wa Isinya walioomba ruhusa ya nusu siku. Margaret alitia matone akikimbia. Waliokwisha kutiwa walikaa ukutani wakicheka jinsi kila mtu alivyogeuka kuwa kivuli, wakishikana mikono kwenda msalani. Wengi waliambiwa macho yao ni safi, wameze dawa, watembee, warudi mwakani. Wachache waliambiwa waende Nairobi, akiwemo mama yake Kivuva.

Sharmarke aliosha lori lake la mbuzi kwa sabuni, akaomba benchi za kanisa, akawapakia wote waliotakiwa kwenda. Lilipoanza kuondoka wanawake wa Kimaasai waliimba, Hibaq akapiga vigelele, na Kivuva alikaa kando ya mama yake amemshika mkono kwa nguvu, kimya. Wote walirudi. Wote waliona. Mama yake Kivuva, kwa furaha, alimwagiza mwanawe achinje fahali kwa ajili ya Lesiamon, na Kivuva alichinja.

Mwaka 2004 hospitali ya Kajiado ilitenga siku yake ya kuwaangalia macho wenye sukari, na Lesiamon akaombwa aje kuzungumza. Alivaa shuka mpya. Walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema, yeye, Seleyian na Sharmarke, wakisikiliza wageni wa heshima wakiongea kwa zamu.

"Watu wamekuja?" Lesiamon alimnong'oneza mkewe.

"Wamekuja."

"Wengi?"

Seleyian alisimama kidogo kuangalia. "Hema limejaa. Wengine wako juani. Wengine wamekaa kwenye nyasi mpaka kwenye ua wa hospitali, na bado wanaingia."

Lesiamon alikumbuka Margaret akimwambia watu hawaji kwa sababu yake, akacheka peke yake, kicheko kirefu kilichofanya mgeni aliyekuwa akizungumza ageuke. Kisha jina lake likaitwa, watu wakapiga makofi, naye akainuka akaelekea kipaza sauti.